Mfarishi wa viraka wa rangi moja: kuchagua vitambaa na mitindo, kuanzia sokoni hadi ukingo wa mwisho

Wengi huanza na mfarishi (tandiko la viraka lenye tabaka la joto katikati) wa rangi moja wakiamini ni rahisi kuliko wa rangi nyingi. Mtu ananunua bluu ya kwanza iliyompendeza, anatafuta ya pili inayofanana nayo, kisha ya tatu inayofanana na hizo mbili. Anakata, anashona kwa uangalifu mkubwa, na siku anayolitandika blanketi lake, ile nyota aliyoipanga kiraka kwa kiraka haionekani. Kuna bluu tu, kutoka kichwani hadi miguuni.

Kwenye rangi nyingi, nyekundu hujitenga na njano bila msaada wako. Kwenye rangi moja, kinachotenganisha kiraka na jirani yake ni kukolea: hiki kimekolea, hiki kimepauka, hiki kiko katikati. Uzuri wote wa mfarishi wa namna hii unasimama hapo, na maamuzi karibu yote yanayofuata, ya kitambaa na ya mtindo, yanatokana na hilo.

Vipimo nitakavyotumia ni vya kitanda cha futi 4 kwa 6. Na kwa kuwa naandika nikiwafikiria wanaoshona Mbeya, Iringa, Njombe na Makete, ambako usiku wa Juni hadi Agosti blanketi moja halitoshi, nitasema pia juu ya uzito wa mfarishi na namna unavyokauka.

Amua rangi kwa kuangalia soko lako

Rangi nzuri ya kuanzia ni ile ambayo soko lako linaweza kukupa kwa ngazi nyingi, kuanzia iliyopauka kabisa hadi inayokaribia weusi. Hilo litangulie hata kabla ya rangi unayoipenda.

Bluu haina mpinzani. Mashati ya kiume ya mitumba yamejaa bluu: ya mpauko, ya mistari, ya drafti, ya jinzi laini, mpaka nili. Ukiwahi asubuhi belo linapofunguliwa soko la Mwanjelwa, Mbeya, unaweza kutoka na ngazi zote ulizozihitaji. Shati kubwa la kiume, ukilifumua na kutoa mgongo, mikono na pande mbili za mbele, linakupa kitambaa kinachokaribia yadi moja. Kola na vikofi viache, ni vinene. Kabla hujalipa, inua mgongo wa shati dhidi ya jua. Palipochakaa panapitisha mwanga kuliko kwingine, na kiraka cha hapo kitapasuka wakati vingine bado vizima.

Kijani ni chaguo langu la pili, na mtu wa Mufindi, Lupembe au Tukuyu ana mwalimu wa kijani karibu na nyumbani: mche wa chai. Mchumaji huchukua majani mawili na chipukizi, na hiyo sehemu changa ina kijani chenye umanjano kidogo. Jani linalofuata chini limekolea zaidi, na yale ya chini kabisa, yaliyokomaa na kuwa magumu, yamekolea sana, yanang'aa upande wa juu na yamefifia upande wa chini. Tawi moja tu lina ngazi nne za kijani zinazoelewana. Omba tawi, nenda nalo dukani, linganisha.

Kahawia inafaa sana Iringa na popote penye vumbi jekundu la kiangazi. Suruali za kaki, rangi ya ugoro, maji ya kunde, hudhurungi, rangi ya udongo: zote zinakaa pamoja bila kugombana, na vumbi halijionyeshi juu yake. Kijivu nacho ni kizuri kwa wakazi wa Makete na Njombe kwa sababu suti za sufu za mitumba nyingi ni za kijivu, na sufu ina joto. Ila sufu ishonwe na sufu. Ukiichanganya na pamba, kufua kutazitenganisha, kwa kuwa sufu husinyaa kwenye maji ya moto na pamba haisinyai kwa kiasi hicho.

Nyekundu ngojea. Huchuja kuliko nyingi, na ikipauka inakuwa waridi, ambayo jicho linaihesabu kama rangi nyingine kabisa. Nyeupe nitairudia kwenye mitindo.

Panga kwa kukolea, kisha uhakikishe kwa simu

Kusanya vitambaa 10 hadi 12 tofauti. Pungufu ya hapo mfarishi unakuwa mkavu. Vitandaze mkekani na uvigawe makundi matatu: vilivyopauka, vya kati, vilivyokolea. Fanya haraka bila kufikiri sana, halafu simama juu yake upige picha kwa simu na uibadili iwe nyeusi na nyeupe. Rangi ikiondoka, kinachobaki ni kukolea peke yake. Vitambaa viwili ulivyodhani vinatofautiana vikitoka kijivu kimoja kwenye picha, vitaonekana kitambaa kimoja kitandani, hata kama vimekugharimu mara mbili. Asiye na simu ya kamera arudi nyuma hatua kama 10 na kufumba macho nusu. Kitakachotoweka kimetoweka.

Utagundua kundi la kati limefurika. Ni kawaida, kwa sababu jicho likiwa dukani linapenda rangi iliyo kamili, isiyopauka wala kuzama. Punguza kundi hilo bila huruma. Mgawanyo ninaoushauri ni vitambaa vinne vilivyopauka, vitatu vya kati na vinne vilivyokolea, na kimoja cha ziada ambacho kimevuka mpaka: cheupe chenye chembe tu ya rangi yako, au kilichokolea mpaka unasita kukiita bluu. Hicho kimoja ndicho kinachoamsha vingine.

Kumbuka pia kwamba kukolea hakukai ndani ya kitambaa chenyewe. Bluu bahari ikiwa kando ya nili inaonekana imepauka. Iweke kando ya nyeupe, imekolea. Kwa hiyo usibebe lebo ya duka kichwani. Kitambaa cha kati kinaweza kufanya kazi ya mpauko hapa na kazi ya kukolea pale, mradi jirani yake umchague wewe.

Halafu kuna upande ambao rangi inaegemea. Kuna bluu inayoelekea kijani na bluu inayoelekea zambarau. Kuna kahawia yenye wekundu na kahawia yenye ukijani, kama ugoro. Ushauri wangu ni robo tatu ya vitambaa viegemee upande mmoja, robo iliyobaki itoke upande wa pili. Vyote vikiwa upande mmoja, mfarishi unapoa. Nusu kwa nusu, unaonekana umekosewa. Na upande huo huwezi kuuona chini ya taa ya duka. Omba utoke nje.

"Dada, naomba nikitoe nje nikakione kwenye mwanga."

"Kitoe tu, mama, simama hapo barazani."

Muuzaji wa vitambaa anayekataa ombi hilo ni nadra. Nenda na vipande vya vitambaa ulivyokwisha kupata, vidogo tu, umevibana kwa pini moja, uvilinganishe hapo hapo.

Maua, mistari na mguso wa kitambaa

Rangi ikiwa moja, ukubwa wa maua na mguso wa kitambaa vinabeba kazi ambayo kwa kawaida ingefanywa na rangi. Changanya vyenye nukta ndogo, vyenye maua ya kiasi, na kimoja au viwili vyenye maua makubwa. Weka na visivyo na kitu, jicho lipate pa kupumzika. Mistari na drafti za mashati ni msaada mkubwa: zikikatwa na kugeuzwa, moja wima na moja mlalo, kitambaa kimoja kinaonekana viwili.

Kitenge kinahitaji tahadhari. Vitenge vingi vina rangi tatu au nne zinazopiga kelele, na ua lake kubwa lenye cheupe ndani linavunja kiraka: nusu kinasomeka mpauko, nusu kimekolea, na mstari wa mtindo wako unapotea hapo. Tafuta kitenge cha rangi mbili za ukoo mmoja, mfano nili juu ya bluu bahari, ukitumie kama kitambaa cha kati. Kanga nayo mara nyingi ina rangi zaidi ya moja, ila ukiipata inayofaa, kata kwa kuangalia jina lake. Maneno yakikatwa katikati yanaweza kubaki na maana ambayo usingependa mgeni aisome kitandani kwako.

Ambacho ningekitafuta kuliko vyote ni batiki. Rangi yake haikai sawasawa: pengine imeingia sana, pengine imepungua, na ndani ya mita moja una ngazi kadhaa. Na ukimpata mtengenezaji, mwambie akutie rangi hiyo hiyo mara tatu, kwa nguvu tatu: rangi kidogo kwenye maji mengi, kiasi, na nzito. Atakurudishia mpauko, kati na kukolea vya ukoo mmoja kabisa, jambo ambalo hakuna duka linaloweza kukuhakikishia.

Satini inarudisha mwanga, jinzi inaumeza. Bluu ile ile kwenye hizo mbili inaonekana tofauti, na hapo umepata ngazi ya bure. Mahameli na kodrai zina vinyweleo vinavyolala upande mmoja. Kwa hizo chora mshale kwa chaki upande wa nyuma kabla ya kukata, ili viraka vyote vielekee kumoja. Usipofanya hivyo, nusu vitaonekana vimekolea kuliko vingine kutoka kitambaa kimoja.

Jaribio la moto na jaribio la maji

Kitambaa cha mitumba mara nyingi hakina lebo. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibano juu ya sahani, uziwashe. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi iliyoungua, inaacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kujikunja, ikipoa ni kidonge kigumu. Sufu inanuka nywele. Mchanganyiko wa pamba na poliesta, kama tetroni, unaweza kuutumia ukiwa mwangalifu na pasi, ila kama unaweza, baki na pamba tupu. Inakatika vizuri, inakubali pasi, mishono yake inalala.

Fua vyote kabla ya kukata, vile vipya hasa. Pamba mpya hupungua, asilimia 3 hadi 5 si ajabu, na kitambaa kimoja kikipungua ndani ya mfarishi uliokwisha kushonwa kinavuta wenzake. Kisha chukua kipande cheupe kilicholowa, kibane juu ya kila kitambaa kilichokolea kwa pasi ya moto. Cheupe kikishika rangi, kitambaa hicho kinachuja. Kirudie kufua mpaka maji yatoke meupe, na kama hakikomi, kiache. Watu watakuambia uloweke kwenye chumvi au siki. Kwa kitambaa cha pamba kilichotiwa rangi tayari, hakuna kati ya hizo itakayoizuia kuchuja. Kwenye mfarishi wa rangi moja kuchuja kunaumiza zaidi, kwa sababu vitambaa vyako vilivyopauka vikinywa rangi ya vilivyokolea, vyote vinarudi kundi la kati, na mtindo unafutika.

Mtindo upi

Mitindo inayopendeza kwenye rangi moja ni ile inayosimama juu ya mpauko na kukolea. Ile inayotegemea rangi tatu au nne kujitenga, kama maua ya kubandika yenye majani na mashina, iache kwa siku nyingine.

Anza na mraba wa pembetatu mbili: nusu mpauko, nusu iliyokolea. Ndio mtindo wenye faida kuliko yote, kwa kuwa ukishamaliza miraba, unaigeuza tu unavyotaka. Ipange ikielekea kumoja, upate mistari ya mshazari. Ipange kwa zamu, upate mawimbi. Izungushe minne minne, upate tiara za watoto. Ianzie katikati na kupanuka, upate almasi ndani ya almasi.

Hesabu yake ni hii. Kitanda cha futi 4 kwa 6 ni inchi 48 kwa 72. Ongeza inchi 8 kila upande wa kuning'inia na 8 miguuni, unapata 64 kwa 80. Mraba ulioshonwa wa inchi 8 unaingia mara 8 upana na mara 10 urefu, jumla miraba 80. Kata miraba 40 iliyopauka na 40 iliyokolea, kila mmoja inchi 9. Weka mpauko juu ya uliokolea, nyuso zikitazamana, piga mstari wa penseli kutoka kona hadi kona, shona robo inchi kila upande wa mstari, kisha kata juu ya mstari. Una miraba miwili. Fungua, piga pasi, uipunguze iwe inchi 8 na nusu; robo inchi ya kila ukingo itaingia kwenye mshono.

Kitambaa cha upana wa inchi 45, ukitoa mapindo ya kiwandani na kupungua, kinatoa miraba 4 kwa mstari. Mistari 10 ya inchi 9 ni inchi 90, kwa hiyo nunua mita 2 na nusu kwa kundi la mpauko na mita 2 na nusu kwa lililokolea, ukizigawa kwenye vitambaa vyako mbalimbali na kuongeza kidogo kila unapogawa. Kwa mashati ya mitumba, shati kubwa hutoa miraba 8 hadi 10. Tafuta mashati 10 na uongeze mawili ya akiba. Vya kati vitapata nafasi: kioanishe na kilichokolea sana, kitakuwa mpauko, kioanishe na kinachokaribia weupe, kitakuwa ndicho kilichokolea.

Mwenye vipande vyembamba kutoka kwa fundi cherehani achukue mtindo wa magogo, uliopendwa sana Marekani kuanzia miaka ya 1860. Kiraka kidogo kinakaa katikati, na vipande virefu vya inchi 1 na nusu hadi 2 vinakizunguka kama magogo ya nyumba: pande mbili zilizopakana kwa mpauko, mbili kwa vilivyokolea. Hata mkono mwembamba wa shati unaingia. Kwa kiraka cha katikati tumia kile kitambaa chako kilichovuka mpaka, na kiwe kile kile kwenye kila mraba.

Mtindo wa masanduku yaliyopangana, ambao jicho linauona kama ngazi, unataka kukolea kwa ngazi tatu kamili bila kuteleza: mpauko juu, kati kushoto, iliyokolea kulia, kila sanduku. Ni wa almasi zenye pembe za nyuzi 60 na mishono inayokutana kwenye pembe kali. Haufai kuwa mfarishi wa kwanza.

Na nyeupe? Hapo acha viraka. Wales na kaskazini mwa Uingereza wana historia ndefu ya mifarishi ya kitambaa kizima, ambako nakshi yote ni ya sindano: majani, mizunguko na mistari inayojitokeza kwa kivuli chake tu. Wajapani nao, kwa ushonaji wao wa sashiko, walipitisha uzi mweupe juu ya nili ili kuimarisha nguo za kazi. Kaniki ya kwetu na uzi mweupe mnene vinaweza kazi hiyo, na mtu asiye na cherehani anaweza kuimaliza kwa mkono.

Panga sakafuni kabla ya kuunganisha

Tandaza miraba yote, panda kwenye kiti, piga picha, ibadili tena iwe nyeusi na nyeupe. Tafuta mahali mstari unapokatika. Mara nyingi ni mraba mmoja au miwili yenye vitambaa vya kati viwili; itoe. Angalia pia kama kitambaa chenye maua makubwa kimerundikana kona moja. Acha upangaji ulale usiku kucha kama watoto na kuku wanaruhusu, uuone tena kwa mwanga wa asubuhi.

Shona kwa uzi wa kijivu au wa ngazi ya kati ya rangi yako, hauonekani popote. Mishono ipigie pasi ielekee upande wa kitambaa kilichokolea. Ikielekea mpauko, kivuli chake kinatokeza kwa juu kama uchafu. Anayetumia pasi ya mkaa aifute uso kwa kitambaa chenye unyevu kila anapoiinua na asiijaze mpaka juu. Chembe ya jivu kwenye kiraka kilichopauka haitoki kirahisi.

Tabaka la kati, mgongo na ukingo

Makete, Njombe na Uyole, weka blanketi kuukuu lililofuliwa kama tabaka la kati. Lina joto na halihami. Tukuyu, ambako mvua na ukungu vinakaa siku nyingi na nguo haikauki, tumia flaneli au flisi nyembamba, maana mfarishi mzito uliolowa utavunda kabla jua halijarudi. Sufi, ile ya mti wa msufi, siipendekezi, hujikusanya mafungu ukifua. Pamba ya kujazia inafaa ukiishonea karibu karibu, kila inchi 2 au 3.

Mgongo uwe inchi 72 kwa 88, yaani inchi 4 zaidi kila upande. Kwa kitambaa cha upana wa inchi 45 ni vipande viwili vya urefu, karibu mita 4 na nusu, nunua 5. Shuka kubwa la mitumba hufanya kazi hiyo kwa bei nafuu. Tandaza mgongo, tabaka la kati, kisha uso, piga bandi (mishono mirefu ya muda) kutoka katikati kwenda nje, na ndipo ushone matabaka. Uzi wa rangi ile ile unaacha viraka viseme. Uzi uliopauka juu ya vilivyokolea unachora mtindo wa pili. Chagua kimoja. Sindano namba 14 inatosha kwa pamba. Jinzi ikikutana na jinzi, weka 16.

Ukingo unahitaji vipande 7 vya upana wa inchi 2 na nusu, karibu nusu mita ya kitambaa. Tumia kilichokolea kuliko vyote. Kinaufunga mtindo ndani, na ndipo mikono inaposhika kila usiku, kwa hiyo pia ndipo panapochafuka kwanza. Kipigie mkunjo wa mara mbili. Kwa mashati ya mitumba, kitafute kwenye migongo, sio mikono, ili uwe na viungo vichache. Viungo vyenyewe vikate mshazari visirundikane unene sehemu moja.